Ruzuku ya mbolea ipimwe shambani, si ghalani

Mhariri,

Kila ifikapo Februari, habari za mbolea ya ruzuku huja kwa mtindo ule ule: mifuko kadha wa kadha imeshushwa Mombasa, malori yako njiani kuja North Rift, ukanda wetu wa mahindi, mkulima asiwe na wasiwasi. Hesabu hukomea kwenye ghala la Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB). Lakini mahindi hayaoti ghalani. Kwa mkulima wa Trans Nzoia, ruzuku huanza kuwa ruzuku pale mbolea inapoingia shimoni siku moja na mbegu, ikiwa ya aina inayofaa udongo wa shamba lile, na nauli ya kuifikisha hapo ikiwa haijameza nafuu yenyewe. Naomba nafasi nionyeshe mahali ambapo nafuu hiyo humwagika njiani, maana palipo na matundu panajulikana na mengi yanazibika kwa gharama ndogo.

Kwanza tukumbushane pesa zinavyokwenda. Mkulima wa Kenya hapokei hundi wala M-Pesa kutoka serikalini kwa sababu analima mahindi. Ruzuku iko ndani ya bei. Septemba 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka uliofuata bei ikashushwa tena hadi 2,500. Mkulima hulipa hizo 2,500 na serikali hufidia kilichobaki kwa anayeleta mbolea. Maana yake ni kwamba aliyesajiliwa akakosa mfuko hakupata chochote, hata kama jina lake limo kwenye mfumo na anahesabiwa miongoni mwa wanufaika. Na aliyepata mifuko 30 kwa ekari alizozidisha amelipwa na umma mara 30.

Sasa nije kwenye jambo linalosemwa kidogo kuliko yote: mfuko si mfuko. Bei ya 2,500 imewekwa kwa mfuko, bila kujali kilichomo. Ukisoma tarakimu zilizoandikwa mbele ya mfuko, yaani asilimia ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mfuatano huo, utaona tofauti. DAP ni 18:46:0, yaani katika kilo 50 mna kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi kwa hesabu ya lebo. NPK ya 23:23:0 ina kilo 11.5 za naitrojeni na kilo 11.5 za fosforasi. Ile ya 17:17:17 ina kilo 8.5 za kila kirutubisho, potasiamu ikiwemo. Ya 10:26:10 ina kilo 5, 13 na 5. Kwa hiyo mkulima aliyepangiwa DAP akafika ghalani akaambiwa imekwisha, achukue 23:23:0, amenunua nusu ya fosforasi kwa bei ile ile. Ili afikishe kilo 23 za fosforasi kwenye ekari yake, atahitaji mifuko miwili, shilingi 5,000, na vocha yake, ule ujumbe wa simu unaomruhusu kuchukua mifuko, huenda haina mfuko wa pili.

Kuna watakaojibu kwamba 23:23:0 ina naitrojeni zaidi, kwa hiyo atapunguza mbolea ya kukuzia. Ni kweli kwenye karatasi. Mifuko miwili inampa kilo 23 za naitrojeni badala ya 9, ziada ya kilo 14, ambayo inazidi kidogo kilo 13 zilizomo katika mfuko mmoja wa CAN, mbolea ya kukuzia yenyewe. Tatizo ni kwamba ziada hiyo huwekwa Aprili, mche ukiwa haujawa na mizizi ya kuinyonya, na mvua ya Aprili katika miteremko ya Endebess na Saboti haibembelezi. Sehemu yake huzama chini ya mizizi kabla mahindi hayajafika magotini. Naitrojeni ya mahindi hugawanywa mara mbili kwa sababu hiyo, wala si kwa mazoea ya wazee.

Mwenye ghala hawezi kulaumiwa kwa kutoa alicho nacho. Lakini ujumbe wa simu unaomwambia mkulima aende kuchukua mifuko yake ungeweza kutaja aina na tarakimu, na ikibadilishwa, uongeze idadi ya mifuko kwa uwiano wa virutubisho au ushushe bei. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kugawa, na mfumo unaohesabu ekari hauwezi kushindwa nayo.

Tukiwa bado kwenye hesabu, tuangalie kiasi. Mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari ndio umekuwa wimbo wa miaka yote. Gunia la mahindi ni kilo 90. Ekari inayotoa magunia 20 huondoa shambani, kwa punje peke yake, takriban kilo 25 za naitrojeni, mbali na mabua ambayo wengi wetu huyauza au kuwapa ng’ombe. Mfuko wa DAP na wa CAN kwa pamoja huleta kilo 22, na si zote zinazoingia kwenye mmea. Kilichobaki hutolewa na udongo. Kama hurudishi samadi wala mabua, na hupandi maharagwe katikati ya mistari, unakula akiba, na shamba linalodaiwa hivyo huanza kutoa magunia 14, kisha 10, huku mwenyewe akilaumu mbegu.

Kipimo cha mkono nacho hupoteza watu. Wengi hutumia kifuniko cha soda, kimoja kwa kila shimo. Kifuniko kilichojaa sawasawa hubeba takriban gramu 5. Kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, ekari moja ina mashimo yapata 18,000. Zidisha: utahitaji kilo 90, karibu mifuko miwili. Aliye na mfuko mmoja atamaliza mbolea akiwa amevuka nusu ya shamba kidogo tu, kisha sehemu iliyobaki apande bila kitu au aende kununua kwa bei ya soko. Kama mfuko ni mmoja, jaza kifuniko nusu na kidogo, karibu gramu 3, na ulishe shamba lote. Weka mbolea, ichanganye na udongo kidogo, ndipo udondoshe mbegu. Punje inayolala juu ya DAP tupu huungua, na pengo lile huonekana baada ya siku kumi, watu wakidhani ni ndege au mchwa.

Sasa udongo. Sehemu kubwa ya Trans Nzoia na Uasin Gishu ina udongo wenye asidi, yaani pH (kipimo cha asidi) chini ya 5.5. Katika udongo wa namna hiyo, fosforasi unayoweka hushikwa na alumini na chuma, mizizi isiipate. Mahindi huwa ya zambarau kwenye majani ya chini hata kama mfuko mzima uliingia ardhini. Juu ya hayo, DAP yenyewe huongeza asidi msimu baada ya msimu, kwa sababu naitrojeni yake ya amonia ikigeuka kuwa nitrati huacha asidi nyuma. Hivyo tumekuwa na ruzuku inayopunguza bei ya kirutubisho ambacho udongo unakifungia, na ambayo polepole inakaza kufuli. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ambayo huchimbwa hapa hapa nchini, kwa mfano Koru, wala haihitaji dola wala meli.

Ugumu wa chokaa ni uzito. Mfuko mmoja hautoshi kitu. Shamba lenye asidi kali linaweza kutaka tani moja kwa ekari au zaidi, yaani mifuko 20 ya kilo 50 na kuendelea. Kwa chokaa, gharama kubwa ni lori, si jiwe lililosagwa. Ndiyo maana ruzuku ya chokaa ikipunguza bei ya mfuko peke yake haitamfikia mkulima wa maeneo ya mbali kama Kaplamai au kule kunakoitwa Kwanza. Ikilipia usafiri hadi kwenye chama cha ushirika, itamfikia. Ikishawekwa vizuri hukaa misimu mitatu au minne, kwa hiyo haihitaji bajeti ya kila mwaka kwa shamba lile lile.

Na iwekwe kwa utaratibu wake. Mwaga juu ya shamba lote baada ya kuvuna, lima ichanganyike na udongo hadi sentimita 15 au 20, uache angalau mwezi mmoja, miwili ikiwezekana, kabla ya kupanda. Usiichanganye na DAP wala CAN kwenye ndoo moja: chokaa hufukuza naitrojeni ikapaa kama amonia, na ile harufu kali ya kuchoma pua ni shilingi zako zinaondoka. Usimwage kwa kukisia pia. Chokaa ikizidi hufungia zinki, na mahindi huota michirizi myeupe.

Ili usikisie, pima udongo. Pita shambani kwa mwendo wa zigizaga, chota sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha jembe, yapata sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, punguza hadi nusu kilo, weka kwenye karatasi ya kaki na uandike jina la shamba na zao. Ruka penye kichuguu, palipokuwa na zizi, chini ya mti na kando ya njia. Ndoo iliyobeba mbolea au mfuko mtupu wa mbolea utaharibu majibu yote. Fanya hivi kati ya Novemba na Januari, majibu yaje kabla ya kununua chochote.

Hapa ndipo mgawanyo wa kazi unapotuumiza. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sera ya kilimo iko kwa serikali ya kitaifa, na kilimo chenyewe cha mimea na mifugo kiko kwa kaunti. Mbolea inaletwa na Nairobi. Afisa wa ugani anayeweza kusoma majibu ya udongo analipwa na kaunti, na wadi moja mara nyingi ina afisa mmoja au haina. Majibu ya maabara yakija, mara nyingi hayaingii kwenye mfumo wa kitaifa wa taarifa za wakulima, ule wa KIAMIS. Mfumo unajua una ekari ngapi na unalima nini. Haujui pH yako. Kwa hiyo jirani wawili, mmoja mwenye udongo mwekundu wa asidi chini ya Mlima Elgon na mwingine mwenye udongo mweusi wa bondeni, hupata pendekezo lile lile. Sehemu moja ya kujaza nambari ya pH katika mfumo ule, ijazwe na afisa wa wadi, ingeleta tofauti kuliko mikutano kumi ya uhamasishaji.

Suala la wakati sitalikawiza, kwa kuwa kila mkulima analijua. Mahindi yetu ya muda mrefu, jamii ya H614 na H6213, yanataka kuingia ardhini mvua inapoanza kushika, kati ya nusu ya pili ya Machi na katikati ya Aprili. Mbolea ya kupandia ikifika Mei imechelewa, na hapo ndipo kosa la gharama hufanyika: watu huimwaga DAP juu ya mahindi yaliyokwisha kuota, kama mbolea ya kukuzia. Fosforasi haitembei udongoni. Itabaki juu pale ulipoimwaga, sentimita nyingi kutoka kwenye mizizi, na msimu utaisha ikiwa hapo. Aliyepata DAP baada ya kupanda afadhali aiweke kwenye mbao ndani ya ghala kavu, isiguse sakafu ya saruji wala ukuta, aipandie mwaka unaofuata. CAN haihifadhiki hivyo kwa urahisi. Hunyonya unyevu hewani ikawa jiwe, hasa mfuko ukifunguliwa.

Swali ni kwa nini tunasubiri Machi. Foleni za ghala la Kitale huwa ndefu kwa sababu kila mtu hununua wiki zile zile tatu. Novemba na Desemba, wakati mkulima ana mahindi ya kuuza, hakuna haraka. Januari ana pesa lakini karo inazidai. Machi hana kitu, na ndipo anapoambiwa alipe yote mara moja kwa simu. Kama angeruhusiwa kulipa kidogo kidogo kuanzia siku anayouza mahindi, 500 leo, 1,000 mwezi ujao, akaunti yake ikitimia apewe mifuko Februari, serikali pia ingejua mapema ni mbolea ya aina gani inatakiwa na wapi. Leo aina huamuliwa kwa zabuni, kisha mkulima hubadilishwa afae mbolea iliyokuja.

Usajili nao una nyufa. Ulipofanywa kupitia kwa machifu na manaibu wao, mkulima alitaja mwenyewe ekari zake. Wapo waliotaja ekari 2 wakaandikiwa 2, na wapo waliotaja 20 wakaandikiwa 20 bila mtu kwenda kuona. Kwa kuwa mifuko hugawanywa kwa ekari, uongo wa ekari ni pesa taslimu. Ziada ile haikai nyumbani. Huenda kwa dalali, hubadilishwa mfuko, na utaikuta kwenye duka la pembejeo mbali na ghala. Mpaka wa Suam, wa kuingia Uganda, hauko mbali, na mfuko uliopunguzwa bei haujui kusoma bendera. Njia rahisi ya kupunguza hili si polisi barabarani. Ni naibu wa chifu na wazee wa mtaa kusomewa orodha ya ekari katika baraza. Kijijini kila mtu anajua shamba la jirani linaishia mti gani.

Ufa mkubwa zaidi Trans Nzoia, kaunti ya mashamba ya kukodi, ni huu: nani mkulima? Mwenye shamba anakaa mjini, amesajiliwa kwa ekari 10. Anayelima ni mpangaji anayelipa kodi kwa ekari kila msimu, na ekari hizo hizo haziwezi kuandikwa mara mbili. Ujumbe wa vocha unaingia kwenye simu ya mwenye shamba. Mwenye roho nzuri humpa mpangaji. Mwingine humuuzia. Mwingine huuza kwa dalali na mpangaji hununua kwa bei ya soko, akiwa amekwisha kulipa kodi iliyopandishwa kwa sababu “siku hizi mbolea ni rahisi.” Hapo ruzuku imemwendea asiyeshika jembe. Makubaliano ya kukodi, hata ya karatasi moja yenye sahihi ya mashahidi wawili na muhuri wa chifu, yangetosha kuhamisha haki ya mbolea ya msimu ule kwa anayelima. Yaandikwe kabla ya Januari, yaishe yenyewe baada ya mavuno, na mwenye ardhi asiwe na hofu kwamba yanagusa hati yake.

Wajane nao hukwama kwenye laini ya simu. Nambari iliyosajiliwa ni ya marehemu, au ya mwana aliyehamia Nairobi. Ujumbe hufika, lakini haumfikii mjane. Wanaohusika wamuulize kila mwanamke anayekuja ofisini kwa chifu swali moja tu: nambari iliyo kwenye mfumo ni ya nani? Kubadilisha kunataka kitambulisho chake na dakika chache.

Kuhusu umbali, fanya hesabu yako mwenyewe kabla ya kusifu bei. Tuseme boda boda hubeba mifuko miwili na nauli ya kwenda na kurudi kutoka ghalani hadi kwako ni shilingi 1,000. Kila mfuko umepanda kwa 500. Ukienda mara mbili kwa sababu mara ya kwanza uliambiwa urudi wiki ijayo, umepanda kwa 1,000, nao mfuko ni 3,500 tena, bei ile ile ya 2022. Mwenye ekari 50 hakodi boda boda. Analeta lori mara moja, na nauli yake kwa mfuko haifiki robo ya hiyo. Ruzuku ya bei moja ghalani humfaa zaidi aliye karibu na aliye mkubwa, hata kama haikukusudiwa hivyo. Vituo vya vyama vya ushirika vimesaidia pale vilipowekwa, ila vingi hupokea mzigo mara moja, vikimaliza vinafungwa. Na kwa mwenye robo ekari, mfuko wa kilo 50 ni mkubwa. Huugawana na jirani kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na mbolea iliyofunguliwa barazani ndipo huchanganywa na mchanga. Mifuko ya kilo 25 na 10, iliyoshonwa na kupigwa muhuri kiwandani, ingeondoa biashara hiyo.

Nimetaja mchanga, basi nimalizie na ubora. Machi na Aprili 2024 nchi ilishtuka ilipobainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango wa ruzuku haikuwa mbolea ya kiwango kilichoandikwa. Serikali ikaahidi kuwarudishia wakulima mfuko kwa mfuko, na Mei wabunge wakapiga kura kumwondoa waziri wa kilimo, kisha kamati maalum ya Bunge ikasema madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Siasa zilipita. Lakini mfuko kwa mfuko haukuwa fidia. Aliyepanda na unga wa mawe Aprili hakurudishiwa Aprili, wala mbegu kilo 10, wala trekta, wala vibarua.

Yapo mambo mtu anaweza kufanya kabla ya kumwaga kitu shambani. Pima mfuko kwa mizani. Angalia ushonaji wa mdomo, na kama uzi wa pili umepita kwenye matundu ya zamani, mfuko umefunguliwa. Chukua kijiko cha punje, tia kwenye glasi ya maji, koroga. Urea huyeyuka yote na glasi hupoa mkononi. CAN huacha mashapo meupe kidogo, na hilo si kosa, maana imechanganywa na chokaa kiwandani. DAP huyeyuka sehemu kubwa, ikiacha tope dogo. Kikibaki mchanga au vijiwe vilivyopakwa rangi, vitaonekana chini mara maji yakitulia. Kwa DAP kuna jaribio lingine: ponda punje chache, changanya na chokaa kidogo kiganjani, dondoshea maji. Harufu ya amonia isipotoka, simamisha kupanda. Majaribio haya hayasemi asilimia, hiyo ni kazi ya maabara. Yanakuonyesha wizi mkubwa tu. Weka risiti, uhifadhi mfuko mtupu na uache kilo moja ya mbolea bila kutumia mpaka mahindi yafike kiunoni. Bila sampuli, malalamiko yako ni maneno matupu.

Na mwisho, takwimu. Marekani, nchi yenye ruzuku za kilimo kubwa mno, raia anaweza kusoma malipo kaunti kwa kaunti, hata jina kwa jina. Sisi hatuhitaji kufika kwenye majina, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatutaka tuwe na tahadhari. Lakini Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinatosha kudai karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya naibu wa chifu ifikapo tarehe 15 Mei, yenye safu hizi: wakulima waliosajiliwa katika kata ndogo hii, jumla ya ekari walizoandikisha, mifuko iliyopangwa kwa kila aina, mifuko iliyochukuliwa kwa kila aina, iliyochukuliwa kabla ya tarehe 10 Aprili na iliyochukuliwa baadaye, na idadi ya waliopata ujumbe wasipate mbolea. Safu hiyo ya mwisho iandikwe kwa kalamu nyekundu.

Afisa wa ugani mstaafu,
Kiminini, Kaunti ya Trans Nzoia